Aliyefanya na Aliyekagua

Kabla ya kupaka rangi, Mkaguzi alitikisa chumvi. Kidau cha chumvi cha jikoni kwake kilikuwa na matundu manne, na kila asubuhi baada ya chai alikipindua juu ya kiganja. Chumvi ikimwagika kama mchanga mkavu, siku hiyo alipaka. Ikishikana ndani na kugoma, kama inavyogoma nusu ya mwaka katika nyumba zote za Mji wa Kale, alifunga vikopo vyake akafanya kazi nyingine: kusugua kwa msasa, kunyoosha waya, kuchonga magurudumu. Vanishi iliyopakwa siku ya unyevu huota ukungu mweupe, na ukungu huo hautoki tena. Alikuwa nacho kipimo cha unyevu cha dukani, kimening'inia ukutani. Hakukiamini.

"Hicho kimetengenezwa na mtu asiyekaa hapa," alisema.

Alijenga ndege za kivita, mifano midogo, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili. Kwa kipimo hicho mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita ishirini na nne, zaidi kidogo ya nusu ya njiti ya kiberiti. Nyingine alizijenga kutokana na seti za vipande vya plastiki alizoletewa na mpwa wake baharia. Nyingine alizijenga kutokana na chochote: mabango ya matangazo yaliyovunjika, vifuniko vya ndoo, sindano za hospitali ambazo hazijatumika, waya wa shaba uliotolewa kwenye redio mbovu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi bara, katika kambi ya ndege za jeshi, kama mkaguzi. Mafundi wakishatengeneza ndege, yeye ndiye aliyeiangalia na kusema inaruka au hairuki. Alipostaafu alirudi kisiwani, na cheo kikarudi naye. Sijawahi kusikia mtu mtaani akimwita kwa jina.

Mimi natengeneza mizani za maduka. Nilichokijua kuhusu ndege wakati huo ni kwamba hupita juu. Alikuja kwangu asubuhi moja na kiganja kimejaa chubwi, zile risasi ndogo za mshipi, alizonunua kwa wavuvi wa Liwatoni. Alitaka nimpimie gramu saba. Nikampimia. Akaniomba nipime tena kwa mizani nyingine. Nikauliza ni za nini.

"Za kuweka puani," akasema, na akanieleza bila haraka, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Ndege yenye gurudumu la mbele, ikijengwa ndogo kwa plastiki, mkia wake huwa mzito kuliko pua. Usipotia risasi puani kabla ya kuunganisha mwili, ukiimaliza na kuiweka mezani huinuka mbele ikakaa kitako. Kosa hilo haliponi. Pua imeshafungwa, rangi imeshakauka. Yeye mwenyewe alikuwa amelifanya mara moja, katika ndege yake ya tatu, na ndege hiyo aliiweka rafu ya mbele kabisa, karibu na mlango, imeketi kama mbwa anayengoja mfupa. Alitaka wageni waione kwanza.

Nilikwenda kuiona. Nikaendelea kwenda kwa miaka kumi na minne.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha likitazama kichochoro ambacho jua hukifikia saa moja tu kwa siku. Saa hiyo ilikuwa ya kazi, na aliyebisha hodi wakati huo hakujibiwa. Rafu zilizunguka kuta tatu. Wakati nilipoanza kumjua ndege zilikuwa kumi na tisa. Mwishoni zilikuwa ishirini na sita. Chini ya kila moja palikuwa na kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja, yenye mistari miwili iliyopigwa kwa rula. Mstari wa kwanza uliandikwa *Aliyefanya*, na mbele yake palikuwa na saini yake. Mstari wa pili uliandikwa *Aliyekagua*. Mbele yake hapakuwa na kitu. Kadi zote zilikuwa hivyo.

Nilimwuliza, kwa kuwa yeye ndiye mkaguzi, mbona hakujitilia saini ya pili.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajioi mwenyewe.

Sheria ya kambini, alisema, ni kwamba aliyekaza skrubu hawezi kuipitisha. Awe fundi wa miaka thelathini, awe ndiye aliyeandika kitabu. Mtu wa pili lazima aje, aangalie kwa macho yake, aguse kwa mkono wake, ndipo atie saini chini ya ile ya kwanza. Bila saini ya pili ndege haijamalizika, hata ikiwa imekamilika. "Hizi zote unazoziona," alisema, akizungusha mkono kuta tatu, "bado ziko karakana." Kisiwa kizima hakikuwa na mtu wa pili. Walikuwapo watu wa meli, wa reli, wa bandari, wa matrekta. Wa ndege hakuwapo. Hilo ndilo lililomkosesha raha, na alilisema wazi: alitaka kadi moja ijae kabla hajafa. Moja tu.

Sheria hiyo aliitembeza mtaani. Ukimwambia umefanya jambo, alikuuliza, "Nani alikuona?" Muuza kahawa alikuwa na wakati mgumu.

"Mzee, vikombe nimeviosha."

"Nani alikuona?"

"Mungu aliniona."

"Basi mlete atie saini."

Wazee wenzake wa benchini walicheka mpaka wakapaliwa, na muuza kahawa akaviosha tena mbele yake, akinung'unika.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anaishi katika nyumba iliyonyooka. Ngazi yake ilikosa kipandio cha saba tangu siku ya kwanza niliyoipanda. Swichi ya taa ya ukumbini ilishikiliwa na plasta ya kidonda. Baiskeli yake ilikuwa na breki moja, na hiyo moja ilipiga kelele hata ikiwa imeegeshwa. Siku niliyojikwaa pale kwenye kipandio cha saba nikaumia goti, nilimwambia, kwa hasira kidogo, kwamba mtu anayepima waya kwa nusu ya milimita angeweza kupigilia ubao mmoja.

"Ngazi hairuki," alisema.

Mkewe alisikia akiwa jikoni. "Miaka ishirini naambiwa ngazi hairuki! Nami je, naruka?"

Mkewe alistahili rafu yake peke yake. Ndege za zamani zina waya wa redio unaotoka mgongoni hadi mkiani, na kwa kipimo chetu waya huo lazima uwe mwembamba kuliko uzi wowote wa dukani. Mafundi wengine huvuta plastiki juu ya mshumaa mpaka iwe kama utando. Yeye alitumia nywele za mkewe. Zilipokuwa nyeusi alizitumia kwa ndege nyeusi, na zilipopata mvi alisema Mungu amemletea waya wa rangi ya chuma. Alizichukua kwenye kitana, bila ruhusa. Mama huyo aliwaambia wageni wote: "Wenzangu mabwana zao wawanunulia dhahabu. Wangu nywele zangu ameziweka mkiani mwa ndege ya vita." Lakini niliona kwamba alipochana, alikiacha kitana dirishani.

Hakupenda vita. Hili liliwashangaza watu zaidi ya yote. Ndege zake hazikubeba bomu hata moja, ingawa seti zilikuja na mabomu, na aliyatupa kabla ya kuanza kazi. Nilidhani ni msimamo wa dini au wa siasa. "Mabomu yalikuwa idara nyingine," alisema. "Sikuwahi kuyakagua. Siwezi kujenga kitu nisichokijua." Kisha, baada ya kusugua bawa kwa muda, aliongeza kwamba kulikuwa na ndege alizozipitisha zikaenda, na baadhi ya zilizokwenda hazikurudi, na kila mara aliitwa ofisini akafungua daftari kuonyesha saini mbili. "Saini zilikuwa sawa," alisema. "Kila mara zilikuwa sawa." 

Wala hakuweka marubani ndani. Maalim wa madrasa ya jirani alipokuja kutazama mara ya kwanza, alisimama mlangoni na mikono nyuma.

"Mzee wangu, hivi si masanamu?"

"Maalim, sanamu ina uso. Hii waiona ina uso?"

"Naiona ina pua."

"Ina pua, ina tumbo, ina miguu, ina mkia. Uso haina."

"Na mwenye kuiendesha?"

"Wote wako likizo."

Maalim alicheka, akaingia, na tangu siku hiyo alikuwa akija baada ya swala ya alasiri kuuliza ile yenye injini nne imefika wapi.

Kazi yake yenyewe nataka kuieleza sawasawa, kwa sababu watu huisifu vibaya. Husema alikuwa na subira. Subira alikuwa hana. Alikuwa akipiga meza, akitukana gundi kwa maneno ya kambini. Alichokuwa nacho ni kipimo. Alikuwa akiniambia, kosa la nusu milimita hapa ni milimita thelathini na sita kule, karibu inchi moja na nusu, na mlango wenye pengo la inchi moja na nusu hewa huung'oa. Kwa hiyo kila kosa alilizidisha kwa sabini na mbili kabla ya kuamua kama ni dogo. Rangi nene aliiita plasta ya nyumba. Mafundi wa picha za mtandaoni huchafua ndege zao kwa moshi na mafuta na kutu ili zionekane zimetumika. Aliziangalia picha hizo kwenye simu yangu akacheka. "Uchafu una anwani," alisema. Alijua mahali buti la fundi linapokanyaga bawa, mahali mafuta yanapovuja injini ikipoa, mahali mkono wa mtu hushika akipanda. Hapo tu ndipo alipochafua, kwa brashi ya wanja, na kwingine kote ndege ilikuwa safi, kwa sababu, alisema, kulikuwa na watu walioziosha, na watu hao wasisahauliwe.

Mimi nilianza kusoma kwa ubishi. Kila alilosema nilitaka kulithibitisha. Nilinunua vitabu vya mtumba Mwembe Tayari, nikapakua miongozo ya matengenezo, nikanakili michoro kwa mkono. Nilijifunza majina ya sehemu, kisha kazi zake, kisha makosa yake. Mwaka wa saba nilimwuliza kama naweza kumkagulia ndege moja. Akaniuliza maswali matatu. La kwanza nilijibu. La pili nilijibu nusu. "Bado," akasema. Mwaka wa kumi nikauliza tena. Akaniuliza maswali mengine matatu, nikajibu yote.

"Wajua," alisema. "Lakini hujaninyima kitu hata siku moja. Mkaguzi asiyeweza kukataa ni mpiga muhuri."

Jibu hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimheshimu mno.

Kisha macho yakaanza. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma. Daktari alimwambia imekula jicho la kushoto karibu lote, na la kulia anaweza kulichelewesha kwa dawa, hawezi kulirudisha. Alirudi nyumbani akapanga kazi kama alivyozoea. Alisema ana nafasi ya ndege moja. Alichagua ndege ya mafunzo ya kivita ambayo yeye mwenyewe aliikagua kambini kwa miaka mingi, ya viti viwili vilivyokaa sambamba. Seti yake haikuwapo popote. Aliijenga yote kwa mkono, kutokana na picha, mchoro na kumbukumbu. Ilimchukua karibu miaka miwili, na chumvi ilishikana zaidi ya nilivyowahi kuiona. Hiyo ndiyo ndege ambayo kadi yake alitaka ijae. Mkewe alijua, mimi nilijua, na Maalim aliiombea dua.

Alinipigia simu asubuhi ya Jumamosi. "Fundi, njoo na lenzi yako. Njoo na njaa pia, kuna mahamri."

Ndege ilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kwenye saa yake ya jua. Nimeona kazi nyingi nzuri maishani, na natoka katika ukoo wa watu waliochonga milango. Sijaona kitu kama kile. Ribiti, vile vichwa vya pini zinazoshika mabati ya ndege, zilikuwa zimetobolewa moja moja kwa ncha ya sindano, na mstari haukuyumba. Alinikabidhi kadi na kalamu ya wino. Kisha akatoka nje ya chumba, kwa sababu aliyefanya haruhusiwi kumtazama anayekagua. Nilimsikia akikaa kwenye ngazi.

Mkewe alikuja na chai. Aliiweka, akasogea karibu.

"Mwanangu, tia saini tu," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo jicho moja nalo laona nusu. Hana ndege nyingine."

"Nimesikia, Mama."

Nilianza puani nikaenda nyuma, kama alivyonifundisha. Mwili, sawa. Mabawa, sawa. Mkia, sawa. Nikaigeuza. Kwenye kila mguu wa gurudumu pana vipande viwili vya chuma vilivyoungana kama kiwiko, vinavyozuia gurudumu lisizunguke ovyo. Katika ndege hii kiwiko hutazama mbele. Vyake vilitazama nyuma, vyote viwili. Nilitoa picha nilizokuja nazo, nikatazama, nikafumba macho, nikatazama tena. Alikuwa ameweka mguu wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Jinsi ilivyotokea niliielewa mara moja. Magurudumu huwekwa ndege ikiwa imelala chali, na ndege ikilala chali kulia huwa kushoto. Kila mjenzi hufundishwa kuandika herufi tumboni kwa penseli. Yeye huwa anaandika. Safari hii, nadhani, aliandika, na hakuweza kuisoma.

Kuing'oa miguu ile kulikuwa hatari. Ilikuwa ya waya mwembamba, imegandishwa ndani ya bawa. Ikivunjika, angetakiwa kuitengeneza upya kwa jicho linaloona nusu. Nisiposema, hakuna mtu mwingine kisiwani ambaye angeona.

Chai ilipoa. Nilifungua mlango.

"Mkaguzi, miguu ya magurudumu. Imebadilishana. Viwiko vyatazama nyuma."

Hakugeuka. Aliuliza, "Una picha?"

"Mbili."

Aliingia, akaichukua ndege, akapitisha ukucha wa kidole kidogo kwenye mguu mmoja, kisha wa pili. Mkewe alisimama mlangoni na mkono mdomoni. Aliirudisha ndege kwenye kitambaa, taratibu sana.

"Niliifanya imelala chali," alisema.

"Ndiyo."

"Na saini?"

"Siwezi, mzee."

 Kisha alikwenda dirishani, akatoa kichwa nje, na kwa sauti ambayo lazima ilifika mpaka sokoni alimwita muuza kahawa chini.

"Wee! Wasikia? Nimekataliwa!"

"Umekataliwa nini, mzee?"

"Ndege! Fundi Mizani ameikataa ndege yangu!"

Hapo ndipo nilipomwona uso. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha namna ile kwa habari mbaya.

Aliing'oa miguu yeye mwenyewe. Mmoja ulitoka mzima, mmoja ulivunjika. Ule uliovunjika aliutengeneza upya kwa wiki saba. Mkewe alishika lenzi na kumwambia: kulia kidogo, zaidi, hapo, umepita. Waligombana kila siku, na mtaa mzima ulisikia. Aliponiita mara ya pili niliikagua kuanzia puani kwa saa mbili na nusu, na nilianza upya mara moja kwa sababu nilihisi nina haraka. Sikuona kosa. Niliandika jina langu kwenye mstari wa pili.

Aliomba nimwelekeze kidole mahali lilipo. Wino ulikuwa haujakauka. Kidole gumba chake kiliburura herufi mbili za mwisho, na kikatoka kimejaa wino. Nilimkumbusha kwamba kwa sheria zake mwenyewe kadi iliyochafuka huandikwa upya.

"Andika nyuma yake," alisema. "Kosa la aliyefanya. Ndege haina neno."

Nikaandika, na ipo hivyo mpaka leo.

Mkewe alimletea maji na sabuni anawe. Hakunawa. Alishuka ngazi, akaruka kipandio cha saba bila kukiona, akaenda kukaa benchini kwa wenzake na mkono juu ya goti, kidole gumba kimesimama. Mzee mmoja aliona wino, kama ule wa wapiga kura, na haukuwa mwaka wa uchaguzi.

"Wee, umepiga kura wapi?"

"Sikupiga," alisema Mkaguzi. "Nimepigiwa. Kura moja."